Jinsi ya Kununua Gari Ambalo Injini Yake Haijawahi Kuguswa

Mtu akikwambia kwamba kuuziwa gari lililobadilishwa injini kimyakimya ni bahati mbaya, usimsikilize. Bahati mbaya ni kudondokewa na nazi. Hili lina utaratibu wake, lataka maandalizi na moyo, na mimi niliyelikamilisha kwa shilingi milioni 9.5 bila kuruka hatua hata moja naona nimepata sifa za kulifundisha.

Anza kwa kulipenda gari kabla hujaliona. Picha za WhatsApp zinatosha. Langu lilikuwa RAV4 la mwaka 2001, rangi ya fedha, namba B, limepigwa picha mbele ya ukuta wenye maua, tairi zimepakwa dawa zikang'aa kama viatu vya bwana harusi. Chini ya picha dalali alikuwa ameandika ile sala ambayo kila mwenye simu Dar es Salaam anaijua kwa kichwa: fulu kipupwe, haidaiwi, kadi ipo, mwenyewe ana shida ya haraka, injini haijawahi kuguswa.

Hilo la mwisho lisome taratibu, maana ni kweli tupu na ndiyo sababu hakuna anayeweza kumshitaki dalali kwa uongo. Injini ya gari lile haikuguswa. Iling'olewa, ikapakiwa kwenye guta, ikaenda zake. Na hii iliyopo sasa nayo haijaguswa, kwa kuwa imewekwa juzi juzi na hakuna aliyepata nafasi.

Ukishapenda, chagua mtu wa kwenda naye. Kosa kubwa hapa ni kuchukua fundi. Fundi wa kweli hana adabu: akifika hasalimii watu, anasalimia gari. Atalala chini kwenye vumbi na shati lake, atachomoa kijiti cha oili na kukinusa, atauliza maswali mbele ya mwenye gari kana kwamba wako polisi, kisha atakudai elfu 50 kwa kukuharibia siku. Nenda na shemeji. Shemeji aliyewahi kumiliki Corolla enzi hizo anatosha kabisa. Atapiga tairi teke mara mbili, atafungua mlango na kuufunga ili asikie mlio, atasema, “Hii ni mashine,” na hapo ukaguzi umekwisha na soda anakulipia muuzaji.

Nendeni jioni, baada ya magharibi. Mwanga wa mchana una maneno mengi. Mkifika mkikuta boneti ina moto na gari linaunguruma peke yake, msiulize limeanza kuunguruma saa ngapi. Mwenye gari amewapashia injini kama mwenyeji mwema anavyopasha chai ya wageni. Ni kweli kwamba injini iliyolala usiku kucha, ikiwashwa asubuhi ya baridi, hutoa siri zake zote ndani ya dakika moja: moshi wa bluu wa oili inayoungua, mgongano wa vyuma, ule mtetemo wa mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Lakini nani anataka kuanza uhusiano kwa siri?

Sasa tunaingia kwenye sehemu ngumu, nayo ni kujua pa kufumba macho. Yapo mambo kadhaa kwenye gari ambayo mtu akiyatazama tu, biashara imekufa. Nayataja ili uyaepuke.

La kwanza ni kile kibati. Kwenye Toyota zilizotoka Japani kuna kibati kimebanwa ndani ya chumba cha injini, mara nyingi kwenye ukuta unaoitenga injini na abiria. Kibati hiki ni mmbea. Kimeandikwa modeli, namba ya chasisi, rangi ya gari, na, kwa ule utovu wa siri wa Wajapani, aina ya injini iliyotoka kiwandani pamoja na ukubwa wake. Wala si lazima ufike kwenye mstari wa injini. Herufi za mwanzo za modeli zinatosha kuropoka. Gari likiitwa ACA21, ile A ya kwanza inasema lilizaliwa na injini ya ukoo wa AZ. SXA11, yaani RAV4 la kizazi cha kwanza, S inasema ukoo wa S. IST ni NCP kwa sababu ya NZ. Ndiyo maana kuna Mark II ya GX110 na ya JZX110, ndugu wawili wa sura moja. Mmoja ana injini ya 1G, mwingine ana JZ, na wauzaji wa vipuri hawawachanganyi hata usingizini. Mtu anayejua alfabeti hii anaweza kusimama mbele ya boneti iliyofunguliwa, akasoma kibati, akatazama injini, na akajua ndoa ile ni ya ngapi. Usiwe mtu huyo.

La pili ni namba ya injini yenyewe, iliyogongwa kwenye bloku. Uzuri wake ni kwamba imejificha: mara nyingi iko chini, sehemu iliyolainishwa karibu na pale injini inapokutana na giaboksi, imefunikwa na grisi ya miaka. Kuiona kunataka tochi, tambara, mafuta ya taa kidogo, na kioo cha mkononi kama kile cha kina mama. Nani anatembea na vitu hivyo? Kadi ya gari ina mstari wa namba ya injini, ndiyo, na mtu mwenye moyo mgumu angeweza kulinganisha. Lakini mbele ya shemeji, mwenye gari, dalali na mtoto aliyeletwa kuonyesha kwamba hii ni familia, kupiga magoti na kioo kunaonekana kama kumtuhumu mtu kwenye kipaimara cha mwanawe.

Kwa haki lazima niseme kwamba makaratasi ya Japani hayatusaidii sana hapa. Ile karatasi ya kufutia usajili, inayofuatana na gari mpaka bandarini, huandika aina ya injini tu, si namba yake. Kwa hiyo injini ikibadilishwa kwa nyingine ya aina ileile kabla gari halijavuka bahari, hakuna karatasi itakayolia. Kelele zote za namba tunazianzisha sisi huku.

La tatu ni dashibodi. Ukizungusha ufunguo bila kuwasha gari, taa zote za onyo zinapaswa kuwaka kwa pamoja, kisha zizime injini ikishawaka. Ile ya injini, ya manjano, ikikataa kabisa kuwaka, maana yake mtu ameitoa balbu. Fundi mstaarabu zaidi huiunganisha na taa ya oili au ya chaji ili ziwake na kuzimika pamoja kama mapacha, na hapo hata mkaguzi makini anaweza kurudi nyumbani akiwa na amani. Langu lilikuwa la aina hii ya pili. Natoa heshima zangu kwa aliyelifanya.

Mengine niyapitie haraka. Usitazame waya zilizosokotwa na kufungwa na selotepu nyeusi mpaka zinaonekana kama bandeji. Usitazame vishikilio vya injini, maana injini ya ugenini haikai kwenye viti vya mwenyeji bila kuchomelewa, na kovu la kuchomelea halifichiki kwa rangi ya kupuliza. Usifungue kifuniko cha oili. Ukikuta chini yake pana urojo kama chai ya maziwa, utalazimika kujua kwamba maji na oili vimekutana. Na fundi wa kompyuta akitaka kuchomeka mashine yake chini ya usukani, mzuie kwa upole. Soketi ipo, safi kabisa, ila imebaki kama swichi ukutani kwenye nyumba ambayo TANESCO hawajafika.

Niache kejeli kwa aya mbili hivi, kwa sababu kuna watu nawaonea. Fundi anayebadilisha injini si mwovu. Chukua hilo RAV4 langu. Lilitoka kiwandani na 1AZ-FSE, moja ya zile injini ambazo Watanzania wote tunaziita D4, kwa sauti ileile tunayotamkia jina la ndugu aliyekimbia na michango ya harusi. Toyota waliianza teknolojia hiyo mwaka 1996 kwenye Corona Premio, na wazo lenyewe ni zuri: petroli haipuliziwi kwenye njia ya hewa kama zamani, inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu yenye presha kubwa. Inaungua vizuri na inatumika kidogo. Lakini petroli ile ya zamani ilikuwa na kazi nyingine ambayo haikuandikwa popote: ikipita kwenye valvu inaziosha. Kwenye D4 hakuna wa kuosha, masizi yanajenga kiota. Na ile pampu inataka mafuta safi, ilhali sisi wengine tumeshawahi kununua petroli kwenye chupa ya maji, njiani, kwa mtu aliyevaa ndala. Miaka ikapita, vipuri vyake vikawa ghali, wenye kuijua wakawa wachache. Mafundi wakaamua. Ng'oa D4, weka 3S-FE, injini ya wananchi, ambayo kila kijana aliyeshika spana katika mji huu ameshaifungua na kuifunga. Kama ningeulizwa kabla, huenda ningekubali kwa mikono miwili.

Wala serikali haikukataza. TRA wana utaratibu wa kubadilisha taarifa za gari: ukibadilisha rangi, bodi au injini unakwenda, gari linakaguliwa, kadi inatoka inayosema ukweli. Kenya vivyo hivyo, huko ni NTSA na logibuku. Shida ni swali moja dogo utakaloulizwa: hii injini umeitoa wapi? Injini za mtumba zinakuja kwa kontena kutoka Japani na Sharjah, zingine bado zimeshikana na nusu ya gari lililokatwa kama samaki, na duka linalojiheshimu litakupa risiti. Lakini kuna injini ambazo zimeuzwa na kijana aliyezipata kwa jamaa aliyeachiwa na bosi aliyehama. Omba risiti ya EFD hapo uone watu wanavyokumbuka kwamba wana msiba. Na injini ya namna hiyo inaweza kuwa ilitoka kwenye gari ambalo mwenyewe hadi leo anaamka usiku kuchungulia dirishani akitumaini amelisahau tu mahali. Siku namba yake ikisomwa kituoni, anayeulizwa ni yule aliyekutwa nayo. Hapo dalali hapatikani hewani.

Basi, turudi kwenye mafunzo.

Kuendesha kwa majaribio. Mwachie dalali achague njia, naye atachagua tambarare, yenye lami nzuri, isiyo na foleni. Mwongeleshe muda wote. Mimi, katika udhaifu wa dakika moja, niliuliza swali. Tulikuwa hatujaondoka bado, boneti ilikuwa wazi, na hata jicho la mtu wa fasihi kama mimi liliona kwamba mfuniko wa plastiki uliokuwa juu ya injini kwenye picha za mtandaoni haupo, na kwamba egzosi inatokea mbele, karibu na rejeta, ambapo kwenye picha zile palikuwa na mambo mengine kabisa. Nikasema, “Mbona kama injini si ile ya kwenye picha?”

Dalali hakushtuka hata kidogo. Aliweka mkono begani kwangu. “Bosi,” akasema, “cc ni zile zile.”

Nilikuja kuthibitisha baadaye kwamba alikuwa sahihi. 1AZ ni cc 1998. 3S nayo ni cc 1998. Yule mtu hakuwahi kuniambia neno moja la uongo tangu tulipoonana mpaka tulipoachana, na nimekutana na wachungaji ambao siwezi kuwasemea hivyo.

Mkataba. Nendeni kwa mwanasheria yeyote aliye karibu na mashine ya kutoa kopi. Atawapa karatasi ambayo ndani yake, katikati ya kurasa, kuna sentensi isemayo kwamba mnunuzi amelikagua gari, ameridhika nalo, na amelichukua kama lilivyo. Hii ndiyo sentensi unayolipia. Isome kwa haraka, tia sahihi, weka dole gumba kwenye wino. Picha ya shemeji akiwa shahidi ipigwe, maana atakuja kukana.

Kabla hatujaachana, dalali alinipa ufunguo na wosia mmoja. “Bosi, hiyo swichi ya taa za ukungu iache hivyo hivyo, usiizime.”

“Dar hakuna ukungu,” nikasema.

“Ndiyo maana.”

Nikaona ni mtu mwenye hekima za ndani. Sikuizima.

Miezi minne ya kwanza ni fungate, na sitaki kuidharau. Gari lilikuwa linawaka, linakwenda, linasimama. Mshale wa joto haukuwahi kupanda wala kushuka. Ulisimama katikati, mtulivu kama sufi, nami nikawa nawaonyesha abiria. Dalili pekee zilikuwa za madukani. Unakwenda kununua plagi, kijana anauliza gari gani, unamwambia RAV4 la 2001, anakupa plagi za RAV4 la 2001, hazifai. Unarudisha. Mkanda nao hivyo hivyo. Pampu ya maji nayo. Kufikia mwezi wa tatu wale vijana walikuwa wananiita Mzee wa Kurudisha. Hatimaye mmoja wao, wa makamo, alinipa ushauri ambao kila mhitimu wa mwongozo huu ataupokea siku yake: “Mkubwa, usiwe unataja gari. Leta kile kibovu chenyewe tukilinganishe.” Nilitembea na pampu ya maji kwenye mfuko wa rambo siku nzima kama mtu aliyebeba figo ya mgonjwa. Tulikuja kugundua kwamba hozi moja ilikuwa ya Hiace, imekatwa kwa kisu ili itoshe. Muungano wa vitu vile haukuwa na hati, lakini ulikuwa unadumu.

Kisha fungate inakwisha, na inabidi uchague mahali pazuri pa kuimalizia. Mimi napendekeza Kitonga.

Tulikuwa tunakwenda Iringa kwenye harusi, mimi, mke wangu, watoto wawili na keki. Mikumi tulipita vizuri, watoto wakahesabu twiga. Ruaha Mbuyuni tukasimama kununua vitunguu, na jua la pale si la kuhadithiwa. Tulipoingia tena ndani ya gari mke wangu, ambaye hapendi matumizi ya hovyo, akaona swichi ina taa ndogo ya kijani. “Hii ni ya nini?”

“Taa za ukungu.”

“Jua hili, baba, umewasha taa za ukungu?” Akaizima.

Wanaoijua Kitonga wanajua. Wasioijua, ni mlima ambao barabara inaupanda kwa kujikunja kama nyoka anayefikiri, ukuta wa mwamba upande mmoja, bonde upande mwingine, na mbele yako daima kuna lori la kwenda Tunduma linalotembea kwa mwendo wa mtu anayesindikiza maiti. Gari likienda kasi, upepo wenyewe unapoza rejeta. Feni inaweza kulala usijue. Nyuma ya lori lile hakuna upepo. Mshale wa joto ulikuwa palepale katikati, mtulivu. Kwenye kona ya tatu keki ilianza kunukia, na mtoto mdogo akasema, kwa furaha, kwamba gari linapika.

Moshi ulipofumuka kwenye boneti nilikuwa bado nautazama mshale ule kwa imani.

Tulikaa pale saa tatu, tukiwa tumeweka matawi nyuma ya gari kama ilivyo ada. Madereva wa malori walitupa maji, ushauri, na mmoja alitupa muhogo. Mwishowe tulivutwa mpaka juu na kusogezwa hadi gereji moja kwenye mji wa nyanya nyingi, na fundi wake, kijana mpole, akaniamkia vizuri kisha akafungua boneti. Akatazama. Akaenda mbele akasoma nembo. Akarudi akatazama tena.

“Mzee, hii 3S alikufungia nani?”

“3S ndiyo nini?”

Hakunijibu. Aliwaita wenzake wawili waje waone. Si kwa dharau, naomba nieleweke; walikuwa wanaitazama kazi kama wasanii wanavyotazama sanaa ya mwenzao. Walifuata waya mmoja mmoja kwa vidole. Wakagundua kwamba mshale wa joto ulikuwa umeunganishwa na umeme wa kudumu, haukuwa unapima kitu chochote duniani. Wakagundua kontroli boksi mbili chini ya dashibodi: moja ya 3S inayofanya kazi, na ile ya zamani iliyoachwa palepale kwa ajili ya kuihudumia dashibodi, kama mke mkubwa aliyebakishiwa chumba. Na wakafuata waya wa feni, wakapita ukutani, wakaingia ndani, wakapanda nyuma ya usukani, wakaishia kwenye swichi ya taa za ukungu.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yao akiwa na keki iliyoinama upande mmoja. Hakusema neno. Nimeishi naye miaka kumi na minne na sijawahi kusikia neno refu kama lile.

Silinda heda ilikuwa imepinda. Ililainishwa Iringa mjini, ikawekwa gasketi mpya, nikalipa pesa ambayo ningeweza kuwalipa mafundi kumi wasio na adabu wale wa elfu 50 na bado nikabakiwa na ya soda. Feni ikapewa swichi yake mwenyewe inayosikiliza joto. Nilipouliza kama mtu anaweza kukata bima kubwa ya gari kama hili, yule kijana alifikiri kidogo. “Kukata unaweza, mzee. Kazi ni siku ukitaka kulipwa, wakija kulinganisha namba.” Na kuhusu trafiki alisema nisihofu sana, wao huanza na stika ya Nenda kwa Usalama, tairi na kifaa cha kuzimia moto, na mara nyingi kabla hawajafika kwenye injini mnakuwa mmeshaelewana.

Nilirudi Dar nikiwa na nia ya kwenda TRA nikanyooshe kadi. Nia hiyo bado ninayo. Lakini ningehitaji kuonyesha injini ilinunuliwa wapi. Nilimpigia dalali, akapokea vizuri, akaniuliza watoto hawajambo, akasema atamtafuta mwenye gari, na tangu siku hiyo namba yake inaniambia mteja ninayempigia hapatikani kwa sasa.

Hatua ya mwisho inafundishwa kwa wale waliofaulu tu, nayo ni kuuza. Nililiosha mwenyewe. Nilipaka tairi dawa. Nikatafuta ukuta wenye maua. Maelezo niliyaandika kwa uaminifu kadiri nilivyoweza: rangi ya fedha, fulu kipupwe, haidaiwi, kadi ipo, silinda heda imetengenezwa. Halafu nikafuta hiyo ya silinda heda, kwa sababu ilizua maswali kabla hata haijasomwa. Aina ya injini sikuandika, na hakuna aliyeuliza. Walikuja wanaume watatu, kila mmoja na shemeji yake, kila mmoja jioni. Wote walipiga tairi teke. Wa tatu alikuwa amefika bei ila mkewe hakupenda rangi.

Wa nne alikuja Jumamosi saa moja kasoro asubuhi, kabla sijanywa chai na kabla sijapata nafasi ya kuwasha gari. Binti wa miaka ishirini na kitu, peke yake, amevaa ndala. Alisalimia vizuri. Akagusa boneti kwa kiganja, akaona ni ya baridi, akatabasamu. Kisha akaufungua mkoba wake akatoa tochi, tambara, na kioo kidogo cha mkononi.

“Baba, naomba kadi,” akasema, na akapiga magoti kwenye vumbi.

Nilisimama pale nikisikia tambara likisugua chuma. Ilichukua muda. Nikasikia anasoma kwa sauti ya chini, herufi kwa herufi. Akanyanyuka, akatazama kibati, akatazama kadi, akanitazama mimi.

“Hapa kadi inasema 1AZ. Kibati kinasema 1AZ. Hii ni 3S.”

Nilikuwa na sentensi nyingi nzuri tayari. Nilikuwa nimezifanyia mazoezi kwenye kioo, za mtu muungwana, zinazoanza na neno ukweli. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshafika begani kwake, na sauti niliyoisikia ikitoka kinywani mwangu haikuwa yangu.

“Mwanangu,” ikasema, “cc ni zile zile.”